Kipande cha Saba

Kurasini, Jumapili, 12 Januari 2025

Dada Vaileth,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabisa ili usije ukasema nimekosa adabu huko mbele, maana huko mbele nitakosa.

Najua unashangaa barua. Hata mie naishangaa kalamu. Mara ya mwisho kuishika kwa muda mrefu hivi nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu naye alikuwa ameshika fimbo. Ishu ni kwamba simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya grisi kazini. Iliyobaki nyumbani ni ya Mama, na Mama unamjua, simu ikiita anabonyeza spika kabla ya kusema haloo. Juzi ulipompigia ukamwambia chakula cha hosteli kinakuvuruga tumbo, alikuwa kibarazani anachambua mchele. Kufika jioni, Mama Talha wa dukani ananiuliza tumbo la dada limetulia au bado. Siri zako zitakwisha zote hivihivi. Ndiyo nikamtafuta Nassibu, yule golikipa wetu aliyekuwa anafungwa kila siku, siku hizi anapakia mizigo kwenye boti ya Unguja. Atakuwa anapita na barua zetu. Mnunulie soda, la sivyo anazisomaga.

Kazi kwa Mzee Abbasali inanikubali. Unajua ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini imekua, sasa ana yadi pia, na kwenye yadi kuna folklifti, ule mtambo wa kuinulia mizigo, na kwenye folklifti nipo mie. Nikikatiza nayo, madereva wa malori ya Zambia wananipisha. Mmoja aliniita injinia. Sikumkosoa.

Sasa ujumbe wa Baba. Amesema nikukumbushe, kana kwamba unaweza kusahau. Muda wako ni Pasaka. Mfadhili anakulipia, sawa, lakini baraka ni zake, na baraka kazitoa hadi Pasaka tu. Anataka kabla ya hapo umwonyeshe kitu ambacho yeye Ansbert, karani wa ghala tangu ujana hadi kustaafu, anaweza kukielewa na kumweleza mtu mwingine bila kuona haya. Ukishindwa unarudi Kurasini, unakaa kwenye kile kiti cha karani ofisini kwa Mzee Abbasali. Mzee amekubali kukiweka wazi kwa heshima ya Baba. Mie nimekijaribu. Kinazunguka. Hakikufai, utapata kizunguzungu.

Na mie nisaidie kuelewa, maana watu wananiuliza. Hivi ni kweli mtu anachukua digrii, anamaliza, halafu anarudi chuoni kusomea joto la bahari la zamani? Hata la kesho watu wanabahatisha. La zamani lishapita, dada. Nani ataanika nguo?

Mdogo wako anayeendesha mitambo,
Edgar


Unguja, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Edgar,

Marahaba. Nassibu nimempa soda, akaomba na sambusa.

Nitakujibu kwa mfano wa nyumbani. Juu ya kabati la Mama vumbi linatua kila siku, na Mama analifuta. Chini ya bahari hakuna Mama. Tope linatua taratibu, mwaka juu ya mwaka, na halifutwi. Ndani ya tope kuna maganda ya viumbe wadogo kama punje ya chumvi. Kila kimoja kilipokuwa hai kilijenga ganda lake kutokana na maji yaliyokizunguka, na maji ya moto yanajenga tofauti na maji ya baridi. Ukilichota tope hilo kwa bomba refu, juu unapata jana, chini unapata enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Mie nachekecha, naokota maganda chini ya hadubini, nasoma bahari ilikuwa na joto gani. Bahari ikibadilika joto, mvua zetu zinabadilika. Mwaka ule maji yalipoingia hadi kitandani kwako ulilala juu ya meza, nadhani hujasahau. Nataka kujua kama hayo yaliwahi kutokea, na yalichukua muda gani kupita. Nguo za kuanika ni za wajukuu zako.

Sasa naomba kitu, na naomba usifanye utani nacho. Tope langu lilichotwa na meli ya utafiti mkabala na mdomo wa Rufiji, likapelekwa kuhifadhiwa Ujerumani. Wamenikatia vijiti, wakavikausha, kila kijiti kimefungwa kwenye foili na kuandikwa namba. Kipande cha kwanza ni cha juu kabisa, kinachofuata ni cha chini yake, hivyohivyo hadi mwisho. Sanduku linapitia kwa Mzee Abbasali. Ukilipokea mpe Nassibu siku hiyohiyo. Lisifunguliwe, lisipigwe jua, lisilowe.

Alhamisi ya tarehe 20 Machi nasimama mbele ya idara nzima na msimamizi wangu, Dkt. Mudathir, kueleza nilichokipata. Nikipata kitu, nitakuwa na la kumwambia Baba. Nisipopata, nadhani nitarudi. Ningeweza kuendelea kwa ubishi, ila siwezi kusoma huku najua nyumbani Baba hanitaji mezani.

Dada yako,
Vaileth


Kurasini, 3 Februari 2025

Dada Vai,

Shikamoo. Sanduku lako limefika, limepita, na anayekuletea barua hii ndiye anayekuletea sanduku. Unipongeze kwanza, ndipo usome yanayofuata.

Lilifika wiki iliyopita. Nikalitoa ofisini kwa mikono yangu, Mzee Abbasali mwenyewe ananiangalia juu ya miwani. Akauliza ndani mna nini. Nikamwambia miaka. Alicheka hadi chai ikamwagika. Nikaenda nalo kwa Nassibu siku hiyohiyo kama ulivyoagiza, naambiwa Nassibu yuko Tanga, kafiwa na babu. Ningempa mwingine lingeishia Mombasa. Nikarudi nalo nyumbani.

Usianze kushika kichwa. Umesema lisipigwe jua, na nyumba nzima chumba kisichopigwa jua ni cha shemeji Anastasia. Unajua kaka Anselmo yuko safarini na lori, Lusaka, au anasema Lusaka, na shemeji tumbo limekuwa kubwa, mchana anapenda kujilaza kwenye kile chumba cha baridi. Nikaliingiza chini ya kitanda chake. Mlinzi wa mchana shemeji, mlinzi mkuu mie.

Sikulifungua. Gundi ya utepe ndiyo ilibanduka yenyewe kwa unyevu, nikaona bora nikague. Dada, hivyo ndivyo vitu unavyoachia kiti kinachozunguka? Vijiti vya kijivu, vimekauka, vimepangwa kama sigara. Shemeji alikiinua kimoja akakinusa kwa muda mrefu, akasema kinanukia kama ardhi ya kwao Kamachumu mvua ya kwanza ikigonga. Nikamwambia shemeji, hiyo ni bahari, siyo Kamachumu. Akasema ardhi ni ardhi. Siku ya kulitoa ndipo nikafunga sanduku, nikapiga utepe mpya wa yadini, ule wa kufungia makontena. Benki hawana utepe kama ule.

Mama anasema usivae suruali za kubana huko kwa watu. Baba hajasema kitu, ila alilitazama sanduku likitoka akauliza vipande vyake vimehesabiwa na nani. Nikasema na mie. Akaguna.

Vipo vyote. Hesabu uone.

Mlinzi mkuu,
Edgar


Unguja, 2 Machi 2025

Edgar,

Kaa chini kabla hujasoma. Kama Baba yupo, msomee na yeye.

Nimepata kitu.

Nilikuwa naosha vipande kimoja baada ya kingine, nachekecha, natazama kinachobaki. Cha kwanza hadi cha sita maganda tele, yamejaa kama dagaa kwenye kapu. Nikaosha cha saba. Hakuna. Sikuamini, nikachukua upande wake mwingine nikaosha tena. Hakuna hata ganda moja. Cha nane yamerudi, tele kama mwanzo. Yaani kuna kipindi katika bahari yetu ambacho kila kitu kilinyamaza.

Na si hivyo tu. Ndani ya cha saba nimekuta vichembe vyeusi, nimevitazama kwa hadubini, ni makaa. Hata kipande chenyewe kina harufu ya moshi kwa mbali. Hebu fikiria, Edgar. Ukame mkubwa, misitu inaungua kote Rufiji, majivu yanashuka na mto, bahari inakufa, kisha baada ya vizazi inafufuka. Nimesoma makala zote nilizopata na hakuna aliyewahi kuliona hili pwani yetu.

Dkt. Mudathir yuko safarini kwa utafiti, atarudi usiku wa kuamkia siku yangu ya kusimama, kwa hiyo hajakiona. Ndio kwanza Ramadhani imeanza, maabara imekuwa kimya mchana, nabaki peke yangu na kipande changu cha saba na sihisi hata njaa.

Mwambie Baba. Mwambie hiki anaweza kukielewa na kumweleza mtu.

Vai


Kurasini, 9 Machi 2025

Dada Vai, bingwa wetu,

Shikamoo, na safari hii naitoa kwa moyo.

Nilimsomea Baba barua yako akiwa anapiga pasi shati lake la kanisani. Nilipofika pale bahari inanyamaza, akasimamisha pasi. Nilipofika pale inafufuka, shati lilikuwa limeanza kunuka. Akasema rudia. Nikarudia, na kwenye moto wa Rufiji nikaongeza maneno yangu mawili matatu, tembo wanakimbia, kiboko analia, ili ikolee. Usinikasirikie, umeandika kavu mno.

Kisha ikaja Ijumaa ya Njia ya Msalaba, zamu ya nyumbani kwetu. Jumuiya nzima imejaa sebuleni hadi barazani. Sala ikaisha, katekista akauliza matangazo. Baba akasimama. Dada, Baba unamjua, ibadani hajawahi kutangaza hata harusi ya mwanawe. Akawaeleza bahari yote, tope, maganda, kipande cha saba, hadi kiboko wangu akamtia. Akamaliza hivi: "Aliyeyaona haya ni binti yangu Vaileth." Akakaa. Mama akajifuta macho na kanga ya mtu mwingine.

Jumamosi akaenda mwenyewe kwa Mzee Abbasali, akamwambia kiti kitafutiwe mtu. Mie nilikuwepo, natia mafuta mtambo wangu. Mzee akauliza una hakika, Bwana Ansbert? Baba akasema mwanangu ana kazi.

Basi, yamekwisha. Pasaka utakuja kula pilau kama mgeni rasmi. Shemeji Anastasia tu ndiye hakushangilia, alitoka nje Baba akiwa katikati ya maelezo, nadhani ni joto na lile tumbo.

Mdogo wa bingwa,
Edgar


Kurasini, Jumatatu, 17 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Nimemwambia Nassibu barua hii akupe mkononi, asimpe mlinzi, asingoje soda.

Jana nilikuwa jikoni, shemeji anamenya ndizi, mie nampigia tena hadithi ya kipande cha saba, unajua inavyoninogea. Nilipofika kwenye harufu ya moshi akaweka kisu chini. Nikadhani uchungu umeanza. Akasema:

"Edgar, mimi nilikila."

Nikamuuliza ulikula nini. Akasema kipande. Ile wiki sanduku lilipokuwa chini ya kitanda, harufu ikawa inamfuata hadi ndotoni. Alianza kwa kulamba pembeni. Kisha akakwangua na kijiko. Unajua wajawazito wanavyotafuna udongo, na yeye ule wa sokoni tangu mwanzo alikuwa anauona mkavu, hauna chumvi. Wako ulikuwa na chumvi. Alipokuja kushtuka alikuwa ameshika foili tupu yenye namba saba.

Akaona aibu kusema. Akaenda Tandika kwa yule bibi anayeuza udongo, ule unaokaushwa juu ya moto wa kuni, akachagua kijiti cha kijivu, akakichonga kwa kisu kifanane na wenzake, akakifunga kwenye foili yako, akakirudisha mahali pake. Mie mlinzi mkuu nikapiga utepe juu yake.

Kwa hiyo, dada, makaa ni kuni za Tandika. Na hakukuwa na bahari yoyote iliyonyamaza.

Shemeji alinishika mkono. Akasema niache mambo yapite, tope ni tope, nani atajua, Baba amefurahi, kiti kimeshatolewa, dada yako amebaki na shule yake, kwa nini tumvunjie. Leo kutwa nzima nimekuwa nageuza maneno yake kichwani. Nimekaribia kumkubalia, sikufichi. Hesabu yake haina kasoro, kila mtu anapata. Isipokuwa wewe utasimama Alhamisi mbele ya watu wenye akili na kuwaeleza kitafunwa cha wajawazito, na siku moja atatokea mtu atakayenusa.

Amua wewe. Ukinyamaza, na sie tutanyamaza. Najua hujawahi kuniona nimenyamaza, ila nina uwezo huo.

Kliniki wamemwona, yeye na mtoto wote wazima.

Edgar


Unguja, Ijumaa, 21 Machi 2025

Mdogo wangu,

Barua yako niliipata Jumatano jioni. Nililia. Kisha nikafikiria wifi na kijiko, nikacheka hadi mwenzangu wa chumba akaniletea maji akasahau kwamba yeye amefunga, akataka kuonja yamepoa au la. Kisha nikalia tena.

Nilikuwa na slaidi nzuri, Edgar. Nilikuwa na mchoro wa moto.

Alhamisi nilisimama nikaonyesha vipande vyote, na pale pa saba nikaacha weupe. Dkt. Mudathir akauliza, na cha saba? Nikasema cha saba hakipo, kililiwa na wifi yangu mjamzito, kilichomo ni udongo wa Tandika, na mimi kwa wiki tatu nimekuwa nauita mwisho wa bahari. Kisha nyuma kabisa Bi Tayyaba wa maabara akasema kwa sauti kwamba yeye alipokuwa na mimba ya mwanawe wa mwisho alikuwa anafunga makabati ya vipande vya tope mwenyewe na kumpa funguo mtu mwingine. Wakaangua kicheko. Dkt. Mudathir alivua kofia akajifuta uso nayo.

Kicheko kilipokwisha akaniuliza jambo moja tu, bila ukali. Kipande kina harufu ya moshi, kimetoka chini ya bahari, mbona hukushtuka? Nikamjibu ukweli. Nilitaka sana kupata kitu cha kumpa Baba kabla ya Pasaka, nikaacha kuuliza maswali. Akasema pale peupe nipaache peupe, na chini yake niandike sababu. Hata neno wifi niliandike.

Akanieleza na jambo nililopaswa kulijua. Tope likichotwa, linapasuliwa kwa urefu. Nusu moja hukatwakatwa kwa kazi, nusu nyingine huhifadhiwa haiguswi. Kipande cha saba kina pacha wake Ujerumani. Wameshaandikiwa. Kwa hiyo huku kwangu kumepona.

Kwa Baba ndiko hakujapona. Ametangaza mbele ya jumuiya na kiti amekitoa. Usimwambie wewe, utatia kiboko. Nitampigia mwenyewe Jumapili hii mchana.

Na Nassibu ameniambia kwamba ile folklifti unaiosha.

Vai


Kurasini, Jumatatu, 24 Machi 2025

Dada Vai,

Shikamoo. Nassibu nitamshughulikia. Kuosha ni nusu ya kuendesha.

Naandika haraka kwa sababu jana simu ilikatika, na Mama alipojaribu kukupigia ulikuwa umezima. Nadhani unajua ulichosema wewe, ila hujui kilichokuwa upande wetu wa spika.

Ulichagua Jumapili mchana. Dada, ilikuwa Jumapili ambayo wazee wa jumuiya wamekuja kupanga chakula cha Pasaka. Katekista yupo, mwenyekiti yupo, mama wa kwaya wote wawili wapo na wamevua viatu. Simu inaita, Mama anabonyeza spika, anaiweka katikati ya meza kando ya karanga. Nilijirusha kama Nassibu golini, na kama Nassibu golini sikuipata. Sauti yako ikajaa sebule nzima: "Baba, kile kipande cha saba siyo bahari." Ukaeleza yote. Wifi hukumtaja, ulisema tu mtu nyumbani alikila kwa bahati mbaya. Lakini shemeji alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na tumbo lile, na uso ule. Hata katekista akajua.

Ulipomaliza ukasema, Baba, nisamehe. Baba hakujibu. Ukangoja. Hakujibu. Ndipo simu ikakatika, salio lako au la Mungu sijui. Hapo ndipo uliposikia kimya ukadhani ni hasira.

Ngoja nikwambie kimya kile kilikuwa nini. Baba alikuwa anamtazama shemeji. Shemeji bado ameshika sinia lake. Baba akasema, kwa upole kabisa:

"Kilikuwa na ladha gani?"

Shemeji akasema chumvi, Baba. Chumvi, na mvua ya nyumbani. Baba akaguna ile guna yake, akapokea sinia akaliweka mezani mwenyewe. Kisha akawageukia wazee.

Akawapa habari ambayo mie sijawahi kuisikia. Zamani ghalani, magunia ya sukari yakishuka melini yamepasuka, makarani wengine walikuwa wanaongeza mchanga ili mzani ukubali na karatasi isomeke vizuri. Wakubwa wakafurahi, makarani hao wakapandishwa vyeo. Baba aliandika yamepungua. Kila mara aliandika yamepungua, na ndiyo sababu alistaafu kwenye dawati lilelile aliloanzia. Mama alikuwa anajua. Sie tulidhani hakuwa na bahati.

Kisha akaonyesha simu kwa kidole, ile simu iliyozima, akasema: "Mmemsikia. Alikuwa na mchanga mzuri mkononi, na mzani ulishakubali. Akaandika imepungua." Akachukua karanga moja, akaimenya, hakuila. "Kumbe nilimtaka awe karani, na karani ndiyo kazi aliyokwenda kuisoma. Ila ghala lake ni bahari."

Mwenyekiti wa jumuiya akauliza kama tangazo la moto wa Rufiji lifutwe. Baba akasema litafutwa naye mwenyewe, Ijumaa, mbele ya walewale. Kiboko akaniachia mie nimfute.

Kiti kimeshapata mtu. Ni Sania, mpwa wa Mzee Abbasali, anakizungusha vizuri kuliko mie. Baba hakukiulizia. Alichosema ni kwamba Pasaka uje ule, kisha urudi kazini. Alitumia neno hilo, kazini.

Washa simu.

Edgar, mwosha mitambo


Kurasini, Jumamosi, 14 Juni 2025

Dada Vai,

Shikamoo. Nimerudi kwenye kalamu ingawa simu ninayo mpya, kwa sababu haya hayafai spika.

Mtoto ameshafungua macho yote mawili na ameshaanza kunitambua kuwa mie ndiye mjomba mzuri. Ni baba mdogo, najua, lakini mjomba inanikaa. Kaka Anselmo karudi na mzigo wa nepi kutoka Lusaka, kwa hiyo kweli alikuwa Lusaka. Shemeji hamu imemwisha kabisa. Juzi nilimletea kijiti cha Tandika kwa utani, akakitazama akasema, Edgar, si hili ni tope?

Ile picha uliyotuma, ya ganda moja lililokuzwa, Mama kaitundika sebuleni karibu na picha ya ultrasaundi ya mtoto. Kabla mtoto hajazaliwa, Mama Talha alizitazama zote mbili kwa zamu, akampongeza shemeji kwa mapacha.

Sasa jambo lenyewe. Sanduku jipya kutoka Ujerumani limefika, lile la pacha wa kipande cha saba na wenzake. Nilikuwa nimeshajiandaa kulipokea, shati jipya, utepe mpya. Naingia ofisini kwa Mzee Abbasali, namkuta Baba. Amevaa shati la kazi, lile la kaki, Dada, lile tulilodhani Mama alishaligeuza tambara. Kalamu mfukoni. Amekaa kando ya sanduku, mkono mmoja juu yake, na hakuna wa kulisogelea. Sania kamletea chai, kaipokea kwa mkono mwingine. Nikamwambia Baba, mlinzi mkuu nimefika. Akaniambia kaoshe mtambo.

Nassibu alitaka alibebe. Kakataliwa. Kumbe Baba amekata tiketi. Mzee huyu amefanya kazi bandarini maisha yake yote, amezipakia meli na kuzipakua, na hajawahi kuvuka hata kufika Unguja. Aliniuliza kwa sauti ya chini boti inayumba kiasi gani. Nikamwambia kidogo. Nimemdanganya, mpe limau.

Barua hii iko mfukoni mwake, nyuma ya kalamu. Atashuka bandarini huko na sanduku kifuani, usijaribu kumpokea, atashuka nalo mwenyewe hadi maabara. Nakuomba kitu kimoja, nami nimekutumikia bila soda. Mbele ya Dkt. Mudathir na Bi Tayyaba, mbele ya watu wote watakaokuwepo, fungua, vihesabu vipande kimoja kimoja kwa sauti. Vikitimia, tafuta karatasi yoyote, andika vimetimia, mpe asaini.

Kalamu anayo.

Edgar